Peru walikufa wengi, au walihesabu?



Juzi kafe palikuwa na mabishano makali. Jamaa mmoja kafungua orodha ya vifo vya Korona kwa kila nchi, akasema: "Oneni, Peru wanaongoza duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu, sisi tupo chini kabisa. Damu ya Mwafrika ngumu bwana!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, sababu nitaisema chini.

Tuanze na Peru. Hadi Mei 2021 serikali yao ilikuwa inasema wamekufa watu kama 69,000. Tarehe 31 Mei ikatangaza hesabu mpya: zaidi ya 180,000. Jamani, hawakufa watu laki moja usiku mmoja! Waliingizwa na wale waliokufa na dalili zote bila kupimwa. Kweli Peru waliumia, oksijeni iliadimika, ndugu wakapanga foleni na mitungi. Lakini pia walikubali kuhesabu upya.

Sisi je? Mwaka 2020 tuliishia wagonjwa 509 na vifo 21, halafu takwimu zikanyamaza zaidi ya mwaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Sikatai, umri ulitusaidia. Korona iliua zaidi wazee, na nusu ya Watanzania hawajafika hata miaka 20, wakati Italia nusu ya watu wamevuka 45. Ila umri pekee hautoshi. Japani wana wazee wengi kuliko Italia, lakini kwa idadi ya watu walikufa wachache zaidi. Wale walivaa barakoa mapema, wakakwepa msongamano, na wazee wao wakachanjwa kwa wingi.

Sasa sababu yangu. Babu alifariki kijijini Februari 2021. Homa, kikohozi, siku ya nne pumzi ikakata. Hakupimwa. Msibani tukaambiwa nimonia, tukazika. Kwenye orodha ile ya kafe, babu yangu hayumo.

Kwa hiyo mdau, ukiona namba ya nchi yoyote uliza kwanza: nani alihesabu, watu wake wana umri gani, na mgonjwa alipoishiwa pumzi oksijeni ilikuwepo? Mambo ya damu ngumu tuwaachie wauza dawa wa stendi.

Nawakilisha. Maoni ruksa, matusi hapana.