Kabla hujamlaumu mtu, chomoa waya

Najua nimepotea wiki mbili hivi. Ripoti ya utafiti ilikuwa inanitoa jasho, na juu ya hapo kompyuta yangu ikaamua kunionyesha maajabu.

Ilikuwa hivi. Nimewasha mashine asubuhi, kila kilichokuwa cheupe kimegeuka bluu ya kijani kama maji ya bahari. Nafungua grafu yangu ya mvua na mavuno: mstari wa mvua nyekundu, wa mavuno mweusi. Yote miwili myeusi! Na siku ya kuwasilisha inakaribia.

Cha kwanza nilichofanya ni kumgeukia mwenzangu wa chumbani. Jana yake usiku alikuwa anaangalia muvi kwenye mashine yangu. Nikamwambia maneno ambayo hapa siyaandiki. Cha pili, nikambebea fundi mjini. Aliwasha, akatazama kama dakika moja hivi, akasema kadi ya picha imekufa, lete elfu tisini. Jamani, elfu tisini wakati bumu lenyewe halijatoka!

Umaskini ndio ulioniokoa. Nikarudi bwenini nikakaa chini kufikiri.

Monita yangu inatumia ule waya wa VGA, ule wa zamani wa pini 15 katika safu tatu, ulioletwa na IBM mwaka 1987. Humo kila rangi ina njia yake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Nyeupe ni zote tatu kwa pamoja. Ikikatika bluu, nyeupe inakuwa njano. Ikikatika kijani, inakuwa pinki ya kuelekea zambarau. Ikikatika nyekundu, unapata ile bahari yangu, na chochote chekundu kinakuwa cheusi. Kwa hiyo rangi yenyewe inakuambia njia ipi imekatika.

Sasa imekatikia wapi? Nilizima kwanza ile mipangilio ya mwanga wa usiku. Nikapiga picha ya skrini, nikaitazama kwenye simu: rangi zote zipo. Basi faili langu ni zima. Nikabonyeza kitufe cha menyu ya monita. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, haipiti kwenye waya. Nyeupe yake ilikuwa nyeupe kabisa! Basi monita nayo ni nzima. Zikabaki mbili: waya au kadi. Nikaazima waya chumba cha jirani, nikachomeka, na nyekundu ikarudi palepale.

Nikamulika waya wangu kwa tochi ya simu. Pini ya 1, ya pembeni kabisa, imelala. Na nani aliyeilaza? Mimi! Wiki ile nilihamisha meza, nikachomeka waya gizani kwa kusukuma kwa nguvu. Inaelekea iligusa kidogo kidogo mpaka ikaachia. Nikazima mashine, nikainyoosha polepole kwa kibano cha nyusi. Gharama: sifuri.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda kusema mafundi ni waongo, lakini sisi wenyewe tunawapelekea mashine tukisema "imekufa", hatujajaribu hata kubadilisha waya. Kuna watakaosema, mimi nasoma sosholojia, hayo ni ya watu wa kompyuta. Hapana bwana. Kuondoa sababu moja baada ya nyingine ndiyo utafiti tunaofundishwa kila siku darasani. Mbona tukitoka nje ya darasa tunauacha mlangoni?

Onyo moja tu: kama monita yako ni ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, usiifungue ndani. Inaweza kuwa na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Hapo ndipo kazi ya fundi.

Pini imenyooka kwa dakika tano. Mshikaji wangu imechukua siku tatu. Nilimwomba radhi, akanyamaza. Juzi usiku ndipo akaniuliza, "Ule waya umepona?" Nikasema umepona. Akavuta kiti, tukamalizia muvi yake.

Haya, narudi kwenye ripoti. Mvua ni nyekundu tena.