Alama za kasi ya simu: nani ameshika mizani?

Mkulima anajua kwamba mizani ikichezewa, gunia linabaki lilelile lakini pesa inapungua. Simu nazo zina mizani yake: programu za kupima kasi. Huipa simu kazi maalumu, huhesabu muda, kisha hutoa alama. Alama hizo ndizo wauzaji hutumia kutushawishi.

Tatizo ni kwamba simu inaweza kutambua kuwa inapimwa. Julai 2013, tovuti ya AnandTech ilieleza kwamba aina moja ya Samsung Galaxy S4 ilipandisha kasi ya chipu ya picha hadi megahezi 532 ilipofungua programu fulani za upimaji. Kwenye michezo ya kawaida iliishia 480. Samsung ilikanusha kudanganya. Kesi ilifunguliwa Marekani, na mwaka 2019 ikamalizwa kwa suluhu ya kuwalipa wanunuzi.

Machi 2022 mambo yaligeuka. Ilibainika kwamba simu kadhaa za Samsung zilikuwa zikipunguza kasi ya programu nyingi za kawaida, huku programu ya kupima ya Geekbench ikiachwa bila kuguswa. Geekbench iliondoa kwenye orodha yake matokeo ya simu kuu za Galaxy, kuanzia S10 hadi S22.

Hata bila ujanja, kipimo kinaweza kupotosha. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Programu nyingine zikiendelea kufanya kazi chinichini, hula nguvu. Kwa hiyo wapimaji makini hurudia jaribio mara nyingi, hawachagui namba nzuri peke yake, na husema simu ilikuwa katika hali gani. Muhimu zaidi, hupima kazi inayofanana na ile ambayo mtu ataifanya kweli.

Hilo hata sisi tunaliweza dukani. Kabla hujatoa pesa ya mavuno, fungua kamera, piga picha kadhaa, rekodi video kwa dakika chache, kisha rudia simu ikiwa na joto. Linganisha simu mbili kwa kazi zilezile. Ukurasa wa intaneti ukichelewa, usiilaumu simu haraka; huenda ni mtandao. Alama ya tangazo isikuzuie kujaribu mwenyewe, maana simu utaitumia wewe, si aliyeipima.