TAHARIRI: Tapeli azuiwe kwenye seva kabla hajamfikia kijana wa Mtangawanda

Kijana wa Mtangawanda anayengoja barua pepe ya kazi au basari yuko mashakani mara mbili. Barua ya kweli inaweza kutupwa kwenye folda ya taka asiione kabisa. Ya tapeli nayo ikaingia vizuri, na jina la ofisi anayoiamini. Akiamini, hasara si bando tu. Kutoka Kisiwa cha Pate hadi Lamu ni boti na nauli, na maji yakipwa kwenye mkondo wa Mkanda mnangoja yajae. Yote hayo kwa mahojiano ambayo hayapo?

Kila siku vijana tunaambiwa tuwe macho. Sawa, lakini wenye domeini je? Barua pepe ilivyoundwa, mtu yeyote anaweza kuandika jina la mtumaji analotaka, kama vile kuandika jina la mwingine nyuma ya bahasha.

Dawa ipo, na ni mistari michache tu kwenye mipangilio ya domeini. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. DKIM hutia muhuri wa kuonyesha barua haikuchezewa njiani. DMARC huiambia seva inayopokea ifanyeje barua ikifeli ukaguzi: iipitishe, iipeleke kwenye taka, au iikatae kabisa.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinadai vyote vitatu kwa wanaotuma barua kwa wingi. Kwa Gmail, wingi huo unaanzia 5,000 kwa siku. Hata anayetuma chache anatakiwa awe na SPF au DKIM. Kwa hivyo ofisi ndogo haina kisingizio.

Ni kweli, taka hazitaisha zote. Tapeli bado anaweza kusajili domeini inayotofautiana na yenu kwa herufi moja. Lakini kulivaa jina lenu lenyewe hakutakuwa rahisi tena.

Kaunti, shule, mashirika na biashara: ulizeni leo wanaowasimamia seva kama haya yamewekwa. Na wewe unayetengenezea watu tovuti, usikabidhi kazi bila hizo tatu. Anza na DMARC ya kutazama tu, soma ripoti, rekebisha, kisha panda hadi ya kukataa. Ukikwama kwenye kutazama, umeajiri askari wa kumhesabu mwizi akipita.