KULA SAA UPENDAYO, KETI UPENDAPO: JE, YA MELINI YATATUFAA BWALONI?

Leo nataka tuzungumze juu ya tumbo. Tafadhali usicheke. Wahenga walisema adui mwombee njaa, lakini hawakusema tumwombee jirani wa mezani, na hayo ndiyo tunayoyafanya bwaloni kila jioni.

Mnakumbuka barasa ya muhula uliopita. Mwenzetu mmoja alisimama, akakohoa kidogo kama mbunge, akadai kwamba ile orodha ya meza iliyobandikwa mlangoni ichanwe. Kila mtu aketi apendapo, tena aje saa apendayo, mradi chakula kipo. "Hata kwenye meli za watalii siku hizi watu wanakula hivyo!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mimi pia nilipiga, tena makofi ya nguvu.

Likizo ilipofika nilikwenda Mombasa kwa mjomba wangu, ambaye amefanya kazi ya uweita melini kwa miaka mingi. Nikamsimulia habari ya barasa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba," akaniambia (huko kwao mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "huyo mwenzenu ameona watu wanakula. Hakuona watu wanapakua."

Basi akanieleza, nami nawaeleza. Hapo zamani abiria wa meli hizi walikula kwa zamu mbili, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni, ya pili kama saa mbili na nusu usiku. Ukishapewa meza, ni yako mpaka safari iishe, na uliowakuta pale ndio wenzako, uwapende usiwapende. Mhudumu naye ni yule yule. Kufikia siku ya tatu anajua nani hali samaki na nani hupenda chai kabla ya supu. Usiku wa mwisho abiria humkabidhi bahasha yenye bakshishi, kisha wanaagana kama ndugu.

Kula saa utakayo si jambo lililozuka juzi, lakini zamani lilikuwa la wenye nazo. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo mwaka wa 1905, na Titanic ya mwaka wa 1912 vile vile. Abiria wa daraja la kwanza aliingia alipotaka, akaagiza alichotaka, akalipa juu ya nauli yake. Wa daraja la tatu hakukanyaga huko hata kwa ndoto. Ilikuwa mwaka wa 2000 ndipo kampuni ya Norwegian Cruise Line ilipoufungulia kila abiria mtindo wake ulioitwa Freestyle Cruising, yaani hakuna zamu wala meza ya kudumu. Kampuni nyingine zilifuata, kila moja na jina lake. Royal Caribbean huuita My Time Dining, na Carnival huuita Your Time Dining. Katika nyingi kati ya meli hizo abiria bado anaweza kuchagua zamu za kale akitaka.

Sasa sikiliza jinsi uhuru huo unavyokwenda. Mlangoni pana mtu mwenye kompyuta. Unamtajia nambari ya chumba chako, naye anakuuliza mko wangapi, na je, mtakubali kuketi na wageni au mnataka meza yenu peke yenu. Mbele yake ana ramani ya meza zote: ipi ina watu, ipi inapanguswa, ipi iko tayari. Ukikubali kuchanganyika na wengine, unaketi upesi. Ukitaka meza ya watu wawili karibu na dirisha, utangoja, ndugu yangu! Unapewa kidude cha kutetemeka mfukoni, au unaletewa ujumbe kwenye simu, ukatembeetembee sitahani mpaka uitwe. Wajanja huweka nafasi mapema. Kumbe basi hata kula saa upendayo kuna foleni yake.

Na huyo wa mlangoni hagawi meza ovyo ovyo. Kila weita ana meza zake, kwa hivyo wageni husambazwa ili mmoja asizidiwe huku mwenzake amesimama akihesabu vijiko. Jikoni nako hali ni ngumu. Enzi za zamu wapishi walijua mawimbi mawili yanakuja, wakajiandaa. Sasa mlango uko wazi kuanzia kama saa kumi na moja unusu hadi saa tatu unusu, na hakuna ajuaye nani atakuja lini. Lakini binadamu ni binadamu. Wameambiwa waje watakapo, na bado wanafurika saa moja kamili! Ndiyo maana chakula hupikwa kidogo kidogo, ili anayekuja mwisho apate cha moto kama wa kwanza. Hebu fikiria meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka wa 2024, ambayo ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000.

Mjomba hakunificha hasara zake. Kila jioni weita mpya, kwa hivyo mwenye kudhuriwa na karanga lazima aseme upya, na siku akisahau ni balaa. Bahasha nayo ilikufa. Kwa kuwa umehudumiwa na watu wengi, pesa za bakshishi hukatwa kila siku katika hesabu yako na kugawanywa. Mjomba anasema wengine walinung'unika, lakini yeye aliona afadhali, maana bahasha ilikuwa inategemea sura na kicheko. Kilichomsikitisha ni bibi kizee mmoja aliyesafiri peke yake. Katika meza ya kudumu angepata marafiki siku ya kwanza. Kwa mtindo huu alikula peke yake siku saba, kwa sababu aliona haya kusema "niketisheni na wengine".

Haya, turudi bwaloni kwetu. Walimu wangu wataniwia radhi, kwa maana hapa nina jambo la kuungama. Mwaka jana nilikuwa kiongozi wa meza, na kiongozi ndiye mpakuaji. Jumatano moja, siku ya nyama, mgeni mmoja wa meza yetu alichelewa kwa sababu alikuwa zamu ya kuosha masufuria. Kiti chake kilikuwa kitupu, na vinyofu vyake vitatu vilikuwa vinanitazama. Nilivigawa, na kimoja kikaingia kinywani mwangu. Alipofika akakuta ugali na mchuzi wenye macho mawili ya mafuta. Alinitazama, akasema, "Asante." Nilitamani angenitukana.

Kwa hivyo wanaotaka orodha ichanwe wana haki kwa jambo moja: meza zetu zimegeuka falme ndogo, na wafalme ni sisi wakubwa. Lakini tukiichana, nani atakuwa mbele? Ni wachezaji wa raga na wenye viwiko, bila shaka. Melini kila aliyeingia amelipa na chakula hakiishi. Hapa karai lina kitako, na tumekiona mara nyingi. Tena melini kompyuta inajua nani amekula. Kwetu ni kile kiti kitupu tu kinachomwambia mwalimu wa zamu kwamba fulani hayupo, pengine yuko bwenini ana homa tangu jana. Ondoa orodha, na mtu anaweza kukosa milo minne bila yeyote kuuliza.

Maoni yangu ni haya. Orodha ibaki kwa chakula cha mchana na cha jioni, lakini watu wachanganywe upya kila mwezi ili mfalme asizoee kiti. Katika meli za Disney, tangu ile Disney Magic ianze safari mwaka wa 1998, familia huhamishwa mkahawa huu hadi ule, na maweita wao huhama nao, wala hakuna aliyepotea. Pili, anayepakua achukue sahani ya mwisho, na sahani ya aliye kazini ifunikwe kabla ya nyingine kujazwa. Uji wa Jumamosi asubuhi uwe huru, kila mtu aketi na amtakaye, maana uji haujawahi kutuishia hata siku moja.

Nasikia jambo hili litapigiwa kura katika barasa ijayo. Mimi nimeshamwomba kiranja wa bwalo aanze kuchanganya na meza yetu, namba tisa. Kanijibu nisubiri foleni.