Shu si sombe, isipikwe kama sombe

BARAKA – Mama wa Fizi akipika sombe, hana haraka. Anatwanga, anachemsha muda mrefu, kisha anatia mawese. Anafanya vema. Majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Anayefupisha muda wa sombe ili aokoe makala anaiweka familia yake hatarini.

Shida inaanza pale sheria ya sombe inapohamishiwa kwenye shu, ile ambayo wengine wanaiita kabichi. Shu inakatwa, inachemshwa hadi inabadilika rangi na kulegea kabisa, maji yanamwagwa, ndipo inakaangwa. Majani ya nje, yale ya kijani zaidi, yalishatupwa au kupewa mbuzi. Kinachofika kwenye sahani kinajaza tumbo, lakini sehemu kubwa ya faida yake imebaki uani.

Shu haina sumu ile ya muhogo. Gramu 100 za shu mbichi zina karibu miligramu 36 za vitamini C, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima apate 45 kwa siku. Lakini vitamini hiyo haivumilii moto wa muda mrefu, tena inayeyuka katika maji. Anayemwaga maji ya shu anamwaga kitu alicholipia.

Kwa familia iliyokimbia vita, jambo hili si dogo. Waliofika Baraka kutoka Hauts Plateaux, na wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda na Mulongwe, wengi wanategemea unga, maharagi, mafuta na chumvi. Maharagi yana madini ya chuma yanayojenga damu, na mwili unayapokea vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C. Kwa hiyo shu iliyopikwa vizuri inayapa maharagi nguvu. Mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao ni wepesi kupungukiwa na damu, ndio wenye kufaidika zaidi.

Kuipika si kazi. Ioshwe kwa maji safi na iive kidogo badala ya kuliwa mbichi, maana kipindupindu si kigeni kando ya ziwa. Ikatwe nyembamba. Kitunguu na nyanya vikaangwe kwa mawese kidogo, majani ya nje yatangulie kwa kuwa ni magumu, kisha shu iliyobaki na nusu kikombe cha maji. Sufuria ifunikwe. Baada ya dakika tano hadi saba, iepuliwe ikiwa bado na rangi yake. Maji yaliyobaki ndiyo mchuzi. Ndagala zikipatikana, ni bora zaidi. Na makala nayo yamepona.

Ndugu za shu wanafuata sheria hiyohiyo: sukuma wiki, shufleri, na kolirabi, ambayo shina lake linavimba kama mpira mdogo juu ya udongo. Zote zimetokana na mmea mmoja. Kolirabi inamenywa na kukatwa vipande vyembamba, na majani yake pia ni mboga.

Kuna watakaosema kwamba aliyehama makwao anahitaji amani na shamba lake, hahitaji somo la kupika. Wana ukweli. Hakuna shu inayochukua nafasi ya amani. Tena mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya mara moja. Mboga peke yake haitamponya. Lakini shu inapenda baridi. Mama aliyekuwa akiilima mlimani, leo hapa ziwani anainunua kwa franka alizopata kwa kubeba mizigo ya watu. Huyo ndiye asiyestahili kupoteza hata jani moja.

Basi wahudumu wa afya na mashirika wasiishie kusoma majina ya vitamini mbele ya akina mama. Walete sufuria, wapike hapo hapo, watu waonje. Na wauzaji wa sokoni waache kuvua majani ya kijani kabla ya kuuza. Mteja akitaka kuyatupa, atayatupa mwenyewe. Akijua thamani yake, atayapika.