Simu Haikuanzisha Jaboya

Kuanzia Isebania hadi Mbita, mimbari za madhehebu yasiyoelewana kwa mambo mengi zinakubaliana kwa jambo moja: simu imewapokonya vijana mikononi mwa Yesu. Aliyekuwa akikesha kwenye maombi sasa anakesha kwenye TikTok, na kijana aliyetarajiwa mazoezini mwa kwaya yuko kibandani akipanga timu za mkeka wake wa kamari. Lawama hiyo ina ukweli, na nitaufikia. Hata hivyo, naamini imeanzia mahali pasipofaa. Kinachowatoa Wakristo wa Migori na Homa Bay kwenye mwongozo wa Yesu ni tamaa ya pato ambalo gharama yake inabebwa na mwingine, mara nyingi mtu mnyonge kuliko yule anayelipata. Tamaa hiyo ilikuwepo ufuoni na machimboni kabla mnara wa kwanza wa simu haujasimikwa. Kanisa likiikemea skrini na kuiacha tamaa yenyewe, litakemea mwaka baada ya mwaka na vijana wataendelea kuondoka.

Chukua ufuo. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza, huwasha taa za kuwavutia samaki, kisha hurejea alfajiri. Kwenye fuo za Suba, Karungu na Muhuru Bay, wanawake huwa wameshafika na makarai yao. Omena hawangoji. Wasipoanikwa jua likiwa bado changa, na mvua ikateremka mchana, mtaji wa mama umeoza. Kwa hiyo anayeuziwa mapema ndiye mwenye faida, na anayeamua nani auziwe mapema ni mwenye mashua au wanaume aliowaajiri. Msimu ukiwa mbaya, samaki haba na wanunuzi wamejaa, pesa peke yake haimfikishi mwanamke mbele ya foleni. Anatakiwa kuongeza mwili wake. Hiyo ndiyo jaboya, na kila mtu wa ziwani anaijua, kuanzia chifu hadi mzee wa kanisa. Wala haifichwi sana. Imezoeleka kama ushuru.

Gharama yake inaonekana hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, ule unaoitwa KENPHIA, uliwakuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na si haki kuutwika ufuo mzigo wote. Lakini tazama miaka. Utafiti wa 2007 ulikuwa umeshaikuta Nyanza ikiongoza nchi kwa maambukizi, na huo ndio mwaka M-Pesa ilipozinduliwa. Wakati huo simu ya mvuvi, kama alikuwa nayo, ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Utafiti mwingine wa kitaifa, wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba takriban asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti hizi mbili wamewahi kupata mimba, dhidi ya asilimia 15 kitaifa. Tena hii si nchi ambayo Injili haijaifikia. Waadventista wako Gendia tangu 1906. Wakatoliki wana jimbo lao la Homa Bay tangu 1993. Legio Maria, kanisa lililozaliwa hapa hapa katika miaka ya sitini chini ya Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, lina mahali pake patakatifu Got Kwer, Migori. Mwanamume anayempangia mama bei ya pili alfajiri ya Alhamisi, kwa uwezekano mkubwa, yuko kitini katika mojawapo ya makanisa haya Sabato au Jumapili inapofika. Jambo hilo linapaswa kutukosesha usingizi kuliko video yoyote iliyo mtandaoni.

Sasa nirudi kwa simu. Kuna wanaosema kwamba nguvu yake si ya kufananishwa na kitu chochote cha zamani, kwa kuwa kishawishi cha ufuoni kina saa zake na mahali pake, lakini cha mfukoni hakilali. Wana hoja. Mwaka 2017 shirika la GeoPoll lilipowahoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika, asilimia 76 ya wale wa Kenya walisema wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichozidi nchi nyingine zote zilizohojiwa. Siku hizi mchezo umerahisishwa kiasi cha kutisha: kindege kidogo kinapaa kwenye skrini, namba inapanda nacho, na usipotoa pesa zako kabla hakijatoweka, zimekwenda. Duru nzima ni sekunde chache. Mhudumu wa bodaboda pale Awendo anaweza kumaliza mapato ya asubuhi yote akiwa amekaa juu ya pikipiki, akingoja abiria. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo sheria mpya ya kamari ikapatikana. Serikali haichukui hatua kama hizo kwa jambo dogo.

Hata hivyo, ukiutazama mkeka huo kwa makini utaona ni ndugu wa jaboya. Anayeshinda jakipoti analipwa kwa ada ya shule ya mtoto wa mwingine na kodi ya nyumba ya mwingine, maelfu ya watu ambao hatawahi kuwaona. Simu imefanya mlipaji asionekane, na hilo ndilo jipya ililoleta: ufuoni angalau unamwona machoni mama unayemdhulumu. Kwa hiyo nakubali kwamba teknolojia imeongeza kasi na kuficha uso wa anayeumia. Nakataa kwamba imetuletea dhambi ambayo hatukuwa nayo. Anayedhani tiba ni kuizima simu amfikirie kijana aliyeacha kubeti akaenda kuchimba dhahabu Macalder au Osiri, ambako watu hushika zebaki kwa mikono mitupu kuisafisha dhahabu, na atakayepata faida kubwa ni mfanyabiashara asiyeingia shimoni. Hakuna intaneti katika shimo lile, lakini hesabu ni ileile.

Hesabu hiyo imeingia hata pale inapohubiriwa kwamba imeshindwa. Aprili 2025 polisi waliwatoa watu 57 katika boma la kanisa moja huko Opapo, Rongo, baada ya habari kwamba waumini wawili walikuwa wamefariki na kuzikwa humo. Miaka miwili kabla, msitu wa Shakahola kule Kilifi ulikuwa umefukuliwa na kutoa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kwenda kumlaki Yesu. Mambo haya ya Rongo bado ni ya mahakama na uchunguzi, na sitamhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba walionaswa humo hawakuwa wamepotoshwa na muziki wala sinema. Walikuwa watu wa sala. Walikuwa wameacha dunia na anasa zake, kama walivyohimizwa. Ikiwa kumfuata Yesu ni kukwepa tu mambo ya kisasa, basi hao ndio waliotuzidi sote, na tunajua sivyo. Lazima kuwe na kipimo kingine.

Kipimo hicho kimo katika Injili yenyewe, na hakihitaji elimu ya theolojia. Yesu alipoingia nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru aliyetajirika kwa jasho la wengine, hatusomi kwamba alimpa orodha ya starehe za kuacha. Tunasoma kwamba tajiri yule alisimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia aliowapunja mara nne. Wokovu ulifika mezani kwake kwa njia ya hesabu za pesa. Tena baada ya kufufuka, wanafunzi wakiwa wametoka ziwani na kuchoka, aliwangoja ufukweni akiwa na moto, samaki na mkate, akawaita wale bila kuwadai chochote. Mtu wa Rusinga au Mfangano haelezwi hadithi hiyo mara mbili: anaujua moto wa alfajiri, anaijua njaa ya mvuvi, na anajua kwamba ufuoni hakuna kinachotolewa bure. Kutokana na mambo kama hayo nachukua swali ambalo linafaa kuulizwa kila sauti inayodai kutuongoza, iwe ya nabii, ya mwanasiasa, ya tangazo la kamari au ya rafiki mwenye mpango wa haraka: katika jambo hili, anayelipa ni nani? Jibu likiwa ni mtu dhaifu kuliko mimi, sauti hiyo si ya Yesu, hata ikiwa imenukuu Maandiko kutoka Mwanzo hadi Ufunuo.

Wapo watakaosema swali hilo linaacha usafi wa moyo na kugeuza imani kuwa siasa ya uchumi. Kwamba kazi ya kanisa ni roho, na mashua na mizani waachiwe maafisa wa uvuvi na kamati za ufuo. Nawaheshimu, lakini historia ya eneo hili inawapinga. Arthur Carscallen na Peter Nyambo, huyu wa pili akitoka Nyasaland, walipofika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, hawakuishia kwenye mahubiri. Carscallen aliandika sarufi ya Kijaluo, shule ikasimama, mtambo wa kuchapa ukaanza kazi, na hospitali ikafuata baadaye. Kwa wazee wa wakati huo, mtambo ule wa kuchapa ulikuwa wa kigeni kama simu ilivyo leo, na pengine wa kutisha zaidi. Injili ilifika ikiwa imeshika chombo kipya mkononi, ikakitumia kwa faida ya watu. Wajukuu wa kazi ile hawana sababu ya kuogopa vyombo vya wakati wao, wala ya kudai kwamba riziki ya muumini haiwahusu.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye ufuo wa Nduru, Nyakach, katika kaunti jirani ya Kisumu. Kuanzia mwaka 2011 kundi la wanawake pale walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, wakawa wao ndio wanaoamua nani auziwe. Mwanamke mwenye mashua hana wa kumlipa kwa mwili wake. Hakuna mahubiri yaliyofanikisha hilo peke yake, mashua zilifanikisha. Kazi yao haikuwa rahisi, mashua zilichakaa, na mafuriko ya 2020 yakawaondoa wengi makwao. Lakini walionyesha kwamba jaboya si desturi ya milele, na kwamba inavunjwa kwa mbao, misumari na mkopo wenye masharti ya haki. Fedha za mashua zile zilitoka kwa wahisani wa Marekani. Sadaka zinazokusanywa kila wiki kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru zilikuwa zikinunua nini miaka hiyo? Mabati, vipaza sauti na sherehe za wageni waheshimiwa, mara nyingi. Najua makanisa yamejenga shule na hospitali nyingi katika kaunti hizi, hospitali ya Ombo ikiwemo, na nayashukuru kwa dhati. Ndiyo maana nasema yanaweza. Anayeweza kuendesha wodi ya wagonjwa anaweza kumkopesha mama mashua kabla hajawa mgonjwa.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la umaskini. Mama wa ufuoni anawalisha watoto, kijana wa mkeka hana kazi, mchimbaji ana deni: mwandishi wa gazeti ana haki gani ya kuwapimia Injili? Pingamizi hilo ningelikubali kama swali langu lingeelekezwa kwao kwanza. Haliwaendei wao kwanza. Ukiuliza nani analipa, unakuta ni wao, na hapo mzigo wa toba unahamia kwa mwenye mashua, mwenye kampuni, mwenye shimo, na mchungaji anayepokea sehemu yake bila kuuliza ilikotoka. Kwa hilo la mwisho tuna mfano. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, ambaye aliwahi kuwa askofu wa Homa Bay kwa miaka 15, alirudisha shilingi milioni 2.6 zilizotolewa na Rais katika parokia moja ya Soweto. Wapo waliomwona mkaidi. Lakini aliwaonyesha wachungaji wote wadogo wa ziwani kwamba bahasha inaweza kurudi ilikotoka na kanisa likaendelea kusimama.

Kwa hiyo mikutano ya mwaka ya makanisa, ile inayotumia siku nzima kujadili mavazi na simu za vijana, ina kazi nyingine mezani. Ijulikane ni wazee wangapi wa kanisa wana mashua, na mashua hizo zinawauziaje wanawake. Mwenye mashua anayedai mwili atengwe na meza ya Bwana waziwazi, kama anavyotengwa msichana aliyepata mimba. Kwa sasa ni msichana peke yake anayesimamishwa mbele ya watu. Sehemu ya zaka ielekezwe kwenye chama cha akiba na mikopo cha wanawake wa ufuoni, chenye vitabu vinavyokaguliwa na watu wa nje. Wanawake wapewe viti vyenye sauti kwenye kamati za ufuo, na wachungaji wakaseme hivyo kamatini, asubuhi, mashua zikiwa zinatia nanga.