Pigo la Kwanza Si Mali ya Mshindi

Hapa Nanganga, kwenye njia panda ya kwenda Ruangwa, meza ya pool ina sheria ambayo haijaandikwa popote: aliyeshinda anabaki, na mara nyingi yeye ndiye anayefungua gemu inayofuata. Kwa jioni za kawaida sina ugomvi nayo. Meza ni moja, vijana ni wengi, na atiaye sarafu anajua anachokinunua. Ugomvi wangu unaanza pale sheria hiyo ya kilabuni inapoingizwa katika mashindano yenye kiingilio, zawadi na mwamuzi.

Fikiri, ndugu msomaji. Kijana ametoka Ndanda, amelipa kiingilio kwa fedha ya korosho. Pambano ni la kufikisha gemu tano. Mpinzani wake anapata pigo la kwanza, anatumbukiza mipira yake yote na ule mweusi, kisha anafungua tena kwa kuwa ameshinda. Kijana aweza kufungwa 5–0 bila kupiga hata mpira mmoja. Huyo amelipa kiingilio cha kutazama.

Wapo watakaosema kwamba fundi apewe haki yake. Watamtaja Earl Strickland, Mmarekani aliyemaliza gemu 11 mfululizo huko Dallas mwaka 1996. Nakubali, ule ni ufundi mkubwa. Lakini mpira wa miguu, ambao sote tunaujua, unafanya kinyume kabisa: timu iliyofungwa ndiyo inayoanza katikati ya uwanja. Sijasikia mtu akilalamika kwamba mfungaji ameonewa.

Tena, kupokezana hakumnyang'anyi hodari ushindi wake. Mwaka 1976 mwanahesabu Kingston alionyesha kwamba, iwapo uwezo wa wachezaji haubadiliki gemu hadi gemu, nafasi ya kushinda pambano zima ni ileile, wapokezane au mshindi aendelee kuanza. Tofauti ni kwamba wakipokezana, hata anayefungwa 5–0 atakuwa amefungua gemu mbili na kuonyesha alichonacho. Chama cha dunia, WPA, nacho kinautaja utaratibu wa kupokezana kuwa ndio wa kawaida katika mchezo wa mipira tisa, ingawa waandaaji wanaruhusiwa kuchagua mwingine.

Kasoro moja ipo, na si vema kuificha. Wakifikia 4–4, aliyefungua gemu ya kwanza ndiye atakayefungua ya tisa. Kwa hiyo nafasi ya kuanza isigawiwe kwa urafiki na mwenye meza. Kila mmoja asukume mpira ukagonge ukingo wa mbele na kurudi. Ambaye mpira wake utasimama karibu zaidi na ukingo wa nyuma ndiye achague. Gemu ya tisa ishindaniwe upya kwa namna hiyohiyo.

Nawaambia waandaaji wa Masasi na Newala: bandikeni sheria hii ukutani kabla ya kupokea kiingilio cha mtu wa kwanza. Mkishindwa kumhakikishia kila mchezaji zamu yake ya kufungua, basi mrudishieni fedha yake, maana mlimwita kucheza.